Mgongo wa mpingo hautakupa sauti ya Martin

*Swali: Shikamoo fundi. Mimi napiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Likoni. Mwezi uliopita tuliitwa kuimba harusini katika hoteli moja ya Nyali, na mgeni mmoja akanipa gitaa lake nilijaribu, Martin HD-28. Tangu siku hiyo sauti ile haijanitoka masikioni. Langu lina umbo lile lile, karatasi ya ndani inasema uso, ule ubao wa mbele, ni wa mbao ya sprusi, na mgongo una mistari myekundu kama wa lile. Lakini halilii vile. Nimebadilisha nyuzi mara tatu. Rafiki yangu mchonga vinyago wa Changamwe anasema rozwudi, mbao ya mgongo wa Martin ile, ni ndugu wa mpingo, na atanitafutia mbao za mpingo nibadilishe mgongo. Nifanye hivyo? Na hasa ni kitu gani kinachoipa Martin mlio wake?*

Marahaba, ndugu yangu. Usibadilishe mgongo. Nalisema mwanzo kabisa ili hela yako isitoke mfukoni kabla hujamaliza kusoma.

Rafiki yako hakukudanganya. Mpingo, rozwudi ya India na rozwudi ya Brazil ni ukoo mmoja, ule ambao wataalamu wa miti huuita Dalbergia. Ukiokota kipande cha mpingo mkavu ukakigonga kwa ukucha, kinalia kama kikombe cha kaure. Si bure kwamba watengenezaji wa klarineti na obo wa Ulaya wamekuwa wakiufuata huku kwetu miaka yote hii. Ila mpingo ni mti wa kujipindapinda, na mgongo wa gitaa la umbo lako hutaka mbao mbili, kila moja na upana wa sentimita 20 hivi, zisizo na ufa wala fundo. Hizo hutazipata kirahisi. Tena mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Tuseme umezipata, na fundi ameubandua mgongo wa zamani bila kuvunja mbavu, zile mbao za ubavuni, akaubandika mpya. Utakuwa na gitaa zito zaidi lenye sauti ile ile unayoilalamikia, kwa sababu unachokitafuta hakikai mgongoni. Kinakaa usoni, na hasa upande wa chini wa uso, mahali ambapo naamini hujawahi kupatazama.

Siku moja mteja aliniletea HD-28 kama hiyo uliyoipiga. Kasoro yake ilikuwa ndogo tu, mfupa unaobeba nyuzi juu ya daraja, kile kibao cha usoni nyuzi zinapofungwa, ulikuwa umepasuka. Nilipokwisha kuondoa nyuzi nikaingiza kioo kidogo tunduni, kile cha daktari wa meno, pamoja na kitaa, nikawa natazama. Chini ya uso wa kila gitaa kuna vijiti vya mbao vilivyogundishwa ili uso usivutwe na nyuzi ukabonyea. Mimi naviita mataruma, kama yale ya jahazi, maana kazi ni moja: ganda jembamba linabebwa na mifupa. Katika Martin mataruma mawili makubwa yanakatizana kama herufi X, kati ya tundu na daraja, na miguu ya X inapita chini ya ncha mbili za daraja. Hayo yapo katika magitaa mengi ya nyuzi za chuma duniani, hata langu, hata lako. Kilichonishika ni jinsi yalivyochongwa. Pale yanapokatizana yamesimama wima, yana nguvu. Ukifuata mguu mmoja kuelekea ukingoni, unaona kijiti kinashuka, kimechimbwa kama hori, kisha kinapanda tena kikawa nundu ndogo, kisha kinateremka mpaka kinaishia kwenye unene wa kadi ya simu. Kipande kile hakikuachwa na mbao hata kidogo pale ambapo haikuhitajika.

Hapo ndipo mlio ulipo.

Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, uzito wa mtu mzima anayening'inia kwenye kibao chenye unene wa milimita 3. Mtengenezaji anayeogopa ataweka mataruma manene, gitaa halitavunjika kamwe, na halitalia. La anayethubutu sana litalia kwa uzuri mwaka mmoja kisha litajikunja. Kuna hesabu moja ambayo kila fundi anapaswa kuijua: ugumu wa kijiti hufuata kimo mara kimo mara kimo. Kijiti cha milimita 12 ukikipunguza hadi 10, umeondoa sehemu ndogo tu ya uzito, lakini ugumu umeshuka kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa hiyo kukwangua kidogo mahali panapofaa kunafungua uso, nao ukapumua juu na chini kama ngozi ya ngoma. Kupumua huko ndiko kunakosukuma hewa ya ndani itoke tunduni, na hewa ile ndiyo besi uliyoisikia kifuani.

Ushahidi kwamba siri iko hapa haukutoka kichwani mwangu. Umo katika historia ya kiwanda chenyewe. C. F. Martin alizaliwa mwaka 1796 Markneukirchen, mji wa mafundi wa vyombo vya muziki huko Ujerumani, akajifunza kazi Vienna, akahamia New York mwaka 1833, na miaka michache baadaye akaenda kukaa Nazareth, Pennsylvania, ambako kiwanda kipo mpaka leo. Mataruma ya X yalianza kutumika miaka ya 1840, wakati magitaa yalipigwa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Nyuzi za chuma zilikuja kuenea miaka ya 1920, zikakuta mifupa ya kuzibeba iko tayari. Umbo lile kubwa lenye kiuno kipana, lako na la yule mgeni, lilitengenezwa kwanza mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Oliver Ditson, likaitwa Dreadnought kwa jina la manowari ya Uingereza. Mwaka 1931 kiwanda kikaanza kuliuza kwa jina lake chenyewe, na katika miaka iliyofuata zikatoka D-18 ya mahogani na D-28 ya rozwudi.

Sasa sikiliza hili. Wapigaji wa wakati ule walipenda nyuzi nene ili wasikike mbele ya watu wengi, na magitaa yakaanza kurudi kiwandani yakiwa yamevimba tumbo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 makutano ya X yalisogezwa nyuma kidogo, mbali na tundu, ili kuushikilia uso. Mwaka 1944 kiwanda kikaacha kabisa kuyachimba mataruma, kikayaacha manyoofu. Umbo halikubadilika, na kiwanda na mafundi ni wale wale. Hata hivyo wapigaji walisikia tofauti, na mpaka leo D-28 ya kabla ya mwaka huo huuzwa kwa bei inayoweza kununua kiwanja. Mwaka 1976 kiwanda kikasalimu amri, kikatoa HD-28 yenye mataruma yaliyochimbwa kama ya zamani. H ya jina inatokana na neno la Kiingereza herringbone, pambo lenye mchoro kama mfupa wa samaki linalouzunguka uso. Kwa hiyo gitaa lililokunyima usingizi ni lile hasa lililozaliwa ili kurudisha mlio uliopotea, na kilichorudishwa kilikuwa patasi ndani ya uso. Mgongo haukuhusika.

Mgongo wenyewe ulibadilishwa kweli, lakini wakati mwingine kabisa. Mwaka 1969 Martin iliacha rozwudi ya Brazil, iliyokuwa imeadimika, ikahamia ile ya India. Walikuwapo waliolia, na wapo wanaolia mpaka leo. Mimi nimejifunza kutoyategemea macho katika jambo hili. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio zuri sana: magitaa sita yaliyotengenezwa na fundi mmoja, yanafanana kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, kuanzia rozwudi ya Brazil ya bei ya dhahabu hadi sapele. Wapigaji 52 wakavishwa miwani ya kuchomelea vyuma na kuwekwa kwenye chumba chenye giza ili wasione wanachokipiga. Alama walizoyapa zilikaribiana mno, na kuyatofautisha kwa sikio kuliwashinda wengi. Hata Antonio de Torres, baba wa gitaa la Kihispania, alitengeneza gitaa mwaka 1862 lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu na uso mzuri wa sprusi. Na mwaka 1995 Bob Taylor, mtengenezaji wa magitaa wa California, alichukua godoro la mbao la kupakia mizigo, hizi palati tunazoziona zimerundikwa nje ya bandari ya Kilindini, akalipasua na kulifanya gitaa. Lililia vizuri.

Sisemi mgongo ni bure. Ukinipa D-18 na D-28 niziweke pajani moja baada ya nyingine, nasikia ndugu wawili: wa mahogani anasema neno akanyamaza, wa rozwudi anaacha mwangwi mrefu kidogo nyuma yake. Lakini ni ndugu, baba yao ni mmoja, na baba ndiye uso.

Kuhusu mlio wenyewe, nadhani ulichokipenda wewe kama mpigaji wa kwaya ni hiki. HD-28 ina besi pana na nyuzi nyembamba zinazometa, na katikati inajikunja kidogo, inaacha pengo. Katika pengo hilo ndimo sauti ya mwimbaji inapokaa. Ulipokuwa ukipiga pale harusini hukuwa unashindana na waimbaji wako, ndiyo maana uliona raha. Linganisha na Gibson J-45, gitaa lililoanza kutengenezwa mwaka 1942: mabega yake yameteremka, mgongo ni wa mahogani, na urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani ni milimita 629 hivi, wakati wa Martin ni 645. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa uzi ule ule na noti ile ile Martin inakazwa zaidi kwa asilimia 5. J-45 inatoa noti nene, kavu, fupi, zilizojaa katikati. Ni nzuri mno kwa mtu anayeimba peke yake huku akichapa mdundo. Kwa kwaya ya watu ishirini ningechagua Martin bila kusita.

Mimi kazi hii nilianzia kwenye udi, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, na udi ulinifundisha kusikia mifupa kabla ya kuona mbao. Uso wa udi ni mwembamba kuliko wa gitaa, na mataruma yake yamelala kukingama, moja baada ya jingine kama ngazi. Aliyewahi kumsikiliza marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi, anaijua sauti ile: noti inaruka mara moja, kali, ina maneno, kisha inakufa ili nyingine ije. Chukua sprusi ile ile, iwekee X badala ya ngazi, na noti inatanda na kukawia. Mti ni mmoja, mifupa ndiyo imegeuka.

Sasa turudi Likoni. Kuna sababu moja ya ile siku ya harusi ambayo sidhani umeiwaza. Gitaa la yule mgeni lilikuwa limelala chumbani mwenye kiyoyozi. Magitaa haya hutengenezwa na kuhifadhiwa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Sisi huku hatuna siku kama hiyo. Masika yakiingia, kusi ikaleta mvua, mbao hunywa maji kama sifongo. Uso unavimba, unakuwa mzito, nyuzi zinapanda juu ya shingo, na sauti inakuwa kama mtu anayesema amejifunika shuka. Wewe ulilipiga gitaa kavu na jepesi, ukarudi nyumbani ukalichukua lako lililotundikwa ukutani, nadhani karibu na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Hata kama yangekuwa pacha yasingelia sawa. Tena chumvi ya upepo ule ndiyo inayoziua nyuzi zako. Ndiyo maana umebadilisha mara tatu na kila mara uzuri ukadumu siku chache.

Kwa hiyo anza hapo, hakugharimu sana. Litoe ukutani. Liweke kwenye kasha linalofungika vizuri pamoja na vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vingi, na uvianike juani kila baada ya wiki mbili maana navyo hushiba. Kipima unyevu kidogo cha kuweka ndani ya kasha si ghali. Ukikiona kiko chini ya 60 mfululizo kwa wiki mbili, lipige tena ndipo uniambie. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, juu na chini ya uzi.

Kisha utazame uso. Karatasi ya ndani kuandikwa sprusi haitoshi, kwa sababu hata plaiwudi inaweza kuwa ya sprusi. Chukua kitaa, utazame ukingo wa tundu, pale mbao ilipokatwa. Ile mistari midogo ya mti inayoonekana usoni, ifuate inapofika ukingoni: ikishuka moja kwa moja hadi chini, huo ni ubao mmoja. Ukiona matabaka, kama keki iliyokatwa, na la katikati lina rangi nyingine, hiyo ni plaiwudi. Ubao mmoja wa sprusi ni mgumu kwa urefu zaidi ya mara kumi kuliko ulivyo kwa upana. Plaiwudi ina tabaka lililokingamishwa, na hilo linaua tabia yote hiyo. Uso wa plaiwudi hautafika uliko uso wa HD-28, ufanyiwe lolote, na siwezi kukuuzia matumaini.

Ikiwa ni ubao mmoja, kuna mambo mawili yanayofaa kufanywa. La kwanza ni kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya daraja. Magitaa mengi ya bei ya kati huja na cha plastiki kilicholegea ndani ya mfereji wake. Kikibadilishwa kwa mfupa wa ng'ombe uliosuguliwa msasa mpaka sehemu ya chini ikakaa bapa bila mwanga kupenya, mtikiso wa nyuzi unafika usoni bila kupotea njiani. Mfupa nautoa kwa wachinjaji, nauchemsha kuondoa mafuta na kuukausha wiki kadhaa. Utasikia tofauti siku hiyo hiyo, hasa kwenye nyuzi nyembamba.

La pili ni mataruma yenyewe, na hapa nakuomba usimruhusu mtu yeyote aingize patasi kwa haraka, hata mimi. Mwaka wangu wa kwanza kwenye magitaa nilikuwa nimesoma juu ya kuchimba mataruma, nikalifungulia kazi gitaa la mteja mmoja. Nilikwangua kupitia tunduni, kwa kupapasa, nikajiona nimeweza. Lililia vizuri ajabu. Mteja alifurahi, akawaleta rafiki zake wasikilize. Masika yalipokuja, uso nyuma ya daraja ukapanda kama mkate, mbele ya daraja ukabonyea, na daraja likaanza kubanduka kutoka nyuma, unaweza kuingiza wembe. Nilikuwa nimechimba pale pale ambapo Martin huacha nundu. Nikamnunulia jingine. Tangu hapo kabla ya kukwangua nalipima gitaa likiwa na nyuzi zake, naweka rula juu ya uso, nagonga kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo na kusikiliza noti inashuka wapi, na naondoa kwa msasa kiasi kidogo, nalirudishia nyuzi, nasubiri siku tatu. Kazi ya namna hiyo inachukua mwezi, na kwa gitaa la kawaida bei yake inakaribia ya gitaa lenyewe.

Jambo la mwisho ni mkono wako. Wanakwaya wengi hupiga karibu na daraja kwa sababu wanataka kusikika, na hapo sauti huwa nyembamba na kali kwenye gitaa lolote. Sogeza mkono hadi juu ya tundu, au hata upande wa shingo, tumia kichapio kinene kidogo, upige kwa ulegevu zaidi. Bila shaka ulipokabidhiwa gitaa la mtu, la bei ile, ulilipiga kwa adabu. Lako je, unalipiga vile?

Ukishalikausha wiki mbili na kutazama ukingo wa tundu, uniletee. Usilegeze nyuzi njiani, nataka kuliona likiwa limebeba mzigo wake, na kwenye feri lishike mkononi, usiliache ndani ya gari juani. Mwambie pia rafiki yako wa Changamwe asiutupe mpingo wake. Kipande cha urefu wa kidole kinanitosha kuchonga vigingi sita vya kushikia nyuzi darajani.